Bengals wanaingia drafti ya 2025 bila benchi la safu ya mbele, na hakuna anayewauliza

Wadau, naandika haya kabla ya drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, ya Green Bay tarehe 24 Aprili 2025, na nimechoshwa na tathmini zinazoandikwa kuhusu safu ya mbele ya ushambuliaji ya Cincinnati Bengals, wale watano wanaomkinga kwotabeki, mpiga pasi wa timu. Karibu zote zinataja majina matano, zinaridhika kwamba nafasi tano zina watu, kisha zinahamia kwenye ulinzi kana kwamba suala limekwisha. Orlando Brown Jr. pembeni kushoto, Cordell Volson gadi wa kushoto, Ted Karras senta, Lucas Patrick gadi wa kulia, Amarius Mims pembeni kulia. Sawa, hao ndio wanaotarajiwa kuanza. Wa sita, wa saba na wa nane ni akina nani?

Swali hilo si la kutafuta ugomvi. NFL yenyewe, tangu makubaliano ya 2020, inairuhusu timu kuvalisha wachezaji 48 siku ya mechi badala ya 47 endapo wanane kati yao ni wa safu hiyo ya mbele. Ligi nzima inajua kwamba watu wenye uzito wa kilo 140 wanaogongana kila mchezo lazima waumie, na kwamba timu isiyo na watatu wa kuaminika nyuma ya watano wake inacheza kamari na mwili wa kwotabeki.

Timu hii imekwisha kulipia kamari hiyo, na kinachoniuma ni jinsi mashabiki wanavyoikumbuka vibaya. Fainali ya AFC, kundi mojawapo kati ya mawili ya ligi, ya Januari 2023 kule Kansas City inasimuliwa kila mara kama kosa la mlinzi wetu Joseph Ossai, aliyemsukuma Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, akiwa tayari ameshatoka nje ya mstari, tukapoteza 23-20 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Lakini Kansas City walipataje mpira ule? Bengals ndio waliokuwa nao, pointi zikiwa 20-20, dakika ya mwisho imefika, na katika jaribio la tatu kati ya manne Chris Jones wa Kansas City akapenya na kumwangusha kwotabeki wetu Joe Burrow kabla hajaachia mpira. Ikabidi wapige mpira mbali, ukarudishwa yadi 29, na hapo ndipo Ossai akaingia kwenye lawama. Sisi tuliokesha huku Afrika Mashariki tangu saa nane na nusu usiku tuliona kilichotokea: pembeni kushoto alikuwa Jackson Carman, gadi wa kulia Max Scharping, pembeni kulia Hakeem Adeniji, kwa sababu Jonah Williams, Alex Cappa na La'el Collins walikuwa majeruhi wote watatu. Burrow aliangushwa mara tano usiku ule, na bado tunamlaumu kijana mmoja wa upande wa ulinzi.

Najua nitajibiwa kwamba safu hiyohiyo ya akiba iliishinda Buffalo 27-10 kwenye theluji wiki moja kabla. Ni kweli, na ilicheza vizuri sana. Ushindi ule ndio uliowaaminisha watu kwamba benchi linatosha, wakati lilikuwa limefanikiwa mara moja, katika uwanja unaoteleza ambao uliwapunguzia kasi wachezaji wa Buffalo wanaomkimbilia kwotabeki.

Angalieni wenzetu walivyofanya. Kansas City walipigwa 31-9 na Tampa Bay kwenye Super Bowl, fainali kuu ya ligi, ya Februari 2021, wakiwa wamewakosa wachezaji wao wote wawili wa kawaida wa pembeni. Miezi michache baadaye walikuwa wamemsajili Joe Thuney, wamemtoa Baltimore huyu huyu Orlando Brown Jr. tuliye naye leo, na katika drafti wamemchukua Creed Humphrey kwa chaguo la 63 na Trey Smith kwa chaguo la 226. Katika drafti hiyohiyo Bengals walimchukua mpokea pasi Ja'Marr Chase kwa chaguo la 5 na kumwacha Penei Sewell, mchezaji wa pembeni wa safu ya mbele, na kwa hilo sina malalamiko, maana Chase ni hazina. Malalamiko yangu ni raundi ya pili: walishuka kutoka nafasi ya 38 hadi ya 46, wakamchagua Carman, huku Humphrey akiwa bado hajachaguliwa. Msimu huo Burrow aliangushwa mara 51 kabla ya mtoano, mara tisa katika mechi moja dhidi ya Tennessee, na mara saba kwenye Super Bowl.

Msimu wa 2024 hadithi ilijirudia. Trent Brown aliumia goti Septemba, Mims akaingizwa akiwa mgeni kabisa wa ligi. Baadaye Orlando Brown akavunjika mfupa wa mguu, Cody Ford akahamishiwa pembeni kushoto. Burrow akaongoza ligi kwa yadi 4,918 na pasi 43 za mabao, akaangushwa mara 48, na timu ikabaki nje ya mtoano kwa ushindi 9 na vipigo 8. Sasa Cappa ameachwa, na Ford huyo mmoja anahesabiwa kama akiba wa gadi na akiba wa pembeni pande zote mbili. Mtu mmoja hawezi kuziba matundu matatu jioni moja.

Chase na mpokea pasi mwenzake Tee Higgins wamelipwa Machi 2025, na wanastahili. Lakini chaguzi ziko sita tu, kuanzia la 17, na ulinzi nao unalia njaa. Basi chaguo la 17 liende kwa ulinzi, sitabisha. La 49 au la 81 lazima liwe gadi wa kumnyang'anya Volson namba, na kabla ya raundi ya mwisho apatikane mwingine wa pembeni, ili Ford abaki na kazi moja.

Anayeona natia chumvi aje na majina: Mims akiumia robo ya kwanza na Karras akaumia robo ya tatu, nani anaingia, na anasimama wapi?