Usukani wa pikipiki umekuwa mzito

Wakuu, pikipiki ya cc 125, usukani mzito hasa mwendo mdogo. Nianzie wapi?

— Anza na upepo, mkuu. Tairi la mbele likilegea, usukani lazima uwe mzito. Kama upepo upo, piga stendi kubwa, inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu kwa kidole. Ukinasa katikati kama umeingia kishimoni, gololi za shingo (pale usukani unapozungukia) zimechimba vikombe vyake, yaani bakuli zinamokaa. Hapo grisi haisaidii kitu. Badilisha seti nzima ya gololi na vikombe, juu na chini.

— Ukiwa mzito mwanzo mpaka mwisho bila kunasa, nati ya shingo imekazwa mno. Legeza kidogo kidogo, kisha shika shokapu za mbele, zivute na kuzisukuma: zikigonga, umelegeza kupita kiasi.

— Kwanza angalia kama waya wa klachi haubani unapokata usukani.