Tupeane uzoefu: dawa za kolesteroli, misuli kuuma na tiba za nyumbani

Binti Chumbageni
Wana Tanga, habari za jioni. Dada yangu mkubwa ana presha na sukari. Ameanzishiwa atorvastatini ya miligramu 20, na tangu aanze analalamika mapaja yanamuuma, hasa akipanda ngazi. Majirani zake wa Ngamiani kila mmoja ana lake: huyu kaleta unga wa mlonge, yule kasema kitunguu saumu na ndimu kila asubuhi, mwingine kamwambia dawa hizo zinaua ini, azitupe. Mimi sitaki azitupe, maana baba yetu aliondoka kwa kiharusi. Lakini pia sitaki kumwona anateseka halafu aambiwe avumilie tu. Kama umezitumia, au wa nyumbani kwako kazitumia, tueleze yaliyokukuta. Ya kusikia tunayo tele.

Mama Makorora
Pole mwanangu, na umpe pole dada. Mimi nilikuwa kwenye simvastatini ya 40, nameza usiku, na asubuhi nameza amlodipini ya presha. Yakanianza mabega, yakashuka nyongani, mpaka kuinuka kwenye mkeka baada ya kuswali ikawa lazima nishike ukuta. Nikasema ni uzee. Siku moja kliniki daktari kijana akaniambia, "Mama, nitolee dawa zako zote mezani." Akazisoma moja moja, akasema amlodipini inafanya simvastatini ijae kwenye damu, na mtu anayetumia zote mbili simvastatini isizidi 20. Hakuna aliyewahi kuniambia. Akanipima damu, kipimo wanakiita CK, kinaonyesha kama misuli inaumia. Akaisimamisha simvastatini kwa muda, maumivu yakaondoka, kisha akanianzishia rosuvastatini dozi ndogo. Naendelea nayo na naswali vizuri. Dada aende na mfuko wa dawa zote, na huo mlonge autie humo humo.

Mfamasia Mstaafu
Mama kasema kweli tupu. Nimekaa dirisha la dawa miaka mingi, na nimewaona wengi wanaoacha kimya kimya, wakirudi kliniki wanasema wanameza. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu daktari akidanganywa hawezi kukubadilishia.

Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini lenyewe. Statini, yaani kundi la dawa hizi, atorvastatini, simvastatini na rosuvastatini, hubana utengenezaji huo, ini likawa linavuta LDL, yale mafuta mabaya, kutoka kwenye damu. LDL hushuka kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50 kutegemea dawa na dozi. Maumivu ya statini kwa kawaida huja pande zote mbili: mapaja, nyonga, mabega. Ukiuma mguu mmoja tu, tafuta sababu nyingine. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi na misuli imelegea, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ni nadra, ila figo zinaweza kuharibika. Ini nalo kuumia vibaya ni nadra sana, na kuna kipimo chake. Sukari inaweza kupanda kidogo, lakini kwa mwenye kisukari kinga ya moyo na kiharusi ni kubwa kuliko hilo.

Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 uliofanywa kwa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi. Walipewa miezi ya dawa, miezi ya vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na miezi bila kidonge chochote, bila kujua kipi ni kipi kati ya vidonge. Asilimia 90 ya adha waliyoipata kwenye dawa waliipata kwenye vidonge vitupu pia. Msiseme basi wanazua. Maumivu waliyasikia kweli. Ila nusu yao waliweza kuanza tena dawa.

Mpwani wa Pangani
Mimi kolesteroli yangu ilikuwa imepanda kidogo, sina presha wala sukari, daktari akanipa miezi mitatu nibadili chakula kwanza. Jamani, nazi! Kwetu wali wa nazi, samaki wa nazi, maharage ya nazi, hata mhogo. Tui zito nikaliacha la wageni na sikukuu. Maharage na kunde nikaanza kuunga kwa kitunguu na nyanya, ugali ukawa wa dona, jioni natembea. LDL ilishuka, dawa sikuanzishiwa. Mdogo wangu, mwembamba kuliko mimi, alikula chungu kimoja na mimi na yake haikusogea. Ni ya ukoo, upande wa mama yake. Yeye anameza na haumwi popote.

Mke wa Fundi
Niliuziwa vidonge vya mchele mwekundu wa Kichina, "asilia kabisa, havina kemikali". Miguu iliniuma vilevile.

Mfamasia Mstaafu
Mwanangu, mchele ule huchachushwa kwa ukungu unaotoa monakolini K, nayo ndiyo lovastatini, statini iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Ulimeza statini bila kujua dozi. Na statini ya kwanza kabisa Akira Endo wa Japani aliipata kwenye ukungu, miaka ya 1970. Kitunguu saumu kula kwenye mchuzi, kinashusha kidogo sana. Mlonge haujathibitishwa kiasi cha kuachia dawa.

Binti Chumbageni, mwombe daktari ampime dada tezi ya shingo pia. Ikiwa mvivu hupandisha kolesteroli na huleta maumivu ya misuli.

Binti Chumbageni
Shikamoo mzee wangu, ahsante. Tezi hakuna aliyeitaja. Nampeleka wiki hii, na dawa hazitupi.

Wa Muheza
Huku kwetu machungwa ndiyo maji. Mwenye dawa hizi anaruhusiwa?

Mfamasia Mstaafu
Machungwa ya kawaida na machenza, kula. La kuepuka kwa simvastatini na atorvastatini ni balungi, linazidisha dawa kwenye damu. Na danzi lina kemikali za aina hiyo hiyo, kwa hiyo juisi yake usiizoee.