Mjadala: Mazimwi ya Ray Harryhausen yana uzuri wake, au tunaulilia utoto wetu?

Msema Kweli
Ndugu wanajamvi, nimetazama upya filamu ya Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, ile ambayo viunzi saba vya mifupa ya watu vinachomoza ardhini na kupigana kwa panga na watu watatu. Kijana wangu wa kidato cha pili alicheka mpaka akakohoa. Naomba tuulizane bila kuoneana haya: sanamu zile alizozisogeza Harryhausen, fundi wa mazimwi ya filamu hiyo, kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, zina uzuri wake zenyewe, au ni sisi tuliozitazama tukiwa wadogo tunaoutamani umri ule?

Fundi Mitambo
Kijana ana haki ya kucheka, na sababu ni ya kiufundi. Mtu anapokimbia mbele ya kamera, kila picha humnasa akiwa mwendoni, hivyo mkono wake huacha ukungu kidogo. Sanamu huwa imetulia tuli inapopigwa picha, kisha husogezwa kidogo na kupigwa tena, mara 24 kwa kila sekunde moja ya filamu. Kila picha hutoka kali mno, na ndiyo maana jicho huona mwendo wa kushtukashtuka. Mafundi wa filamu ya Dragonslayer, 1981, walilazimika kutumia mitambo ya kuisogeza sanamu wakati uleule picha inaponaswa ili ukungu huo upatikane, na kufikia Jurassic Park, 1993, kompyuta ikaimaliza kazi. Kinachobaki ni ushabiki wa wazee.

Bi Mkubwa wa Tanga
Bwana Fundi, uzee haukuitwa shahidi katika shauri hili. Huenda nina umri wa mama yako, lakini macho yangu ni mazima, na yaliliona lile jitu la shaba la filamu hiyo ya Jason, Talos, likigeuza shingo kwa kusita huku chuma kikilia. Ukakamavu ule uliwekwa kwa makusudi. Jason anapofungua kizibo kilichoko kisiginoni, mvuke na uji wa moto unamwagika, na jitu linajishika koo kama mtu aliyekosa pumzi, nasi tunaanza kulihurumia ingawa muda mfupi uliopita lilikuwa likiwaua mabaharia. Ulitaka shaba itembee kwa ulaini gani?

Mwanafasihi
Talos sina ugomvi naye, kwani ni wa Wagiriki na amebaki kwao. Kinachoniuma ni filamu nyingine ya Harryhausen, The 7th Voyage of Sinbad ya 1958, ambako Hollywood ilimpora baharia wetu wa Alfu Lela Ulela na kumkutanisha na zimwi la jicho moja lililookotwa katika hadithi za Kigiriki za Odiseo.

Fundi Mitambo
"Wetu" tangu lini? Sindbad ni mtu wa Baghdad, na safari zake huanzia Basra. Tena katika safari ya tatu kuna jitu linalowabanika mabaharia kwenye mshikaki na kuwala, hadi wanapolitoboa macho kwa vyuma vya moto. Soma kabla ya kulia.

Mwanafasihi
Umesema mwenyewe "macho", hukusema "jicho". Kuhusu neno "wetu", nakukumbusha kwamba msafiri Marco Polo alimweka Rukhu, yule ndege mkubwa wa hadithi za Sindbad, katika visiwa vya kusini mwa Madagaska, maji ambayo mabaharia wa pwani hii waliyajua. Hao wa filamu wakampa Rukhu vichwa viwili, kana kwamba kimoja hakikutosha kutisha.

Msema Kweli
Naomba turudi kwenye swali. Pambano lile la mifupa lilimchukua Harryhausen miezi minne na nusu, ilhali kwenye filamu ni la dakika chache tu. Je, hilo halina uzito wowote?

Fundi Mitambo
Sifa ya jasho si sifa ya picha. Mtazamaji hakulipa kiingilio ili ahesabu miezi.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mtazamaji huona mkono hata asipoambiwa. Katika King Kong ya 1933 manyoya ya sokwe yanachezacheza pasipo upepo, kwa sababu vidole vya waliokuwa wakimsogeza viliyavuruga kila mara. Wewe utaiita kasoro. Mimi naona mnyama ambaye ngozi yake haitulii kwa hasira. Na lile zimwi la Sindbad linapombanika baharia, linajilamba midomo. Mtu peke yake katika chumba cha giza, akisogeza kidoli, aliona zimwi haliwezi kukosa uchu! Hiyo ndiyo hoja yangu, na haihusiani na nilizaliwa lini.

Mwanafasihi
Bado hakuna aliyenijibu kwa nini zimwi hilo lilipewa miguu ya mbuzi, ambayo hata Wagiriki hawakulipatia.

Bi Mkubwa wa Tanga
Ni ili mtazamaji asidhani kuna mtu ndani aliyevalishwa ngozi, maana mguu wa mwanadamu haukunjiki kama ule wa mbuzi. Wenye filamu nyingine walimvika mtu vazi la zimwi wakamaliza haraka. Harryhausen alichagua umbo ambalo sanamu pekee ingeliweza.

Mwanafasihi
Basi angelipatia na macho mawili. Kwato ningemsamehe.