Kompyuta nne zinazidiwa na moja. Ninunue swichi mpya?

Kijana wa Ubungo: Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa mwisho chuo, projekti yangu ni klasta, yaani kompyuta nne za mtumba zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, zenye kumbukumbu ya pamoja. Programu inaona RAM moja, kumbe kila mashine ina yake na katikati ni waya tu. Sasa kazi ya dakika 6 kwenye mashine moja, kwenye nne inakula dakika 41! Kariakoo kuna swichi ya mtandao, ile ya kuunganisha mashine, ya laki nane. Ninunue? Natetea wiki ijayo.

Mama Kimara: Laki nane? Mwanangu, kodi umelipa?

Fundi Nyaya: Usinunue. Kuna ofisi Posta waliniita, mtandao mzito, wameshabadilisha swichi mbili. Napanda darini, panya kaguguna waya. Nikalipwa nauli tu.

Mzee wa Kerneli: Dogo, mashine zinaandika nini humo?

Kijana wa Ubungo: Zinahesabu maneno kwenye mafaili tu, mkuu.

Mzee wa Kerneli: Nimeuliza zinaandika WAPI.

Kijana wa Ubungo: Kila moja ina kihesabio chake. Vyote vinne viko kwenye safu moja, vimefuatana. Ila haziingiliani, kila mtu na chake!

Mzee wa Kerneli: Hapo hapo. Kihesabio ni baiti 8, ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu kinachosafiri kwa mkupuo, ni baiti 4096. Mashine A ikiongeza neno moja, inavuta ukurasa mzima. B nayo inataka kuongeza, inaunyang'anya. Sahani moja, watu wanne, na kila anayetaka tonge lazima kwanza ahamishie sahani kwake. RAM inajibu kwa nanosekunde 100 hivi, waya wako ni makumi ya maikrosekunde kwenda na kurudi. IVY, mfumo wa kumbukumbu ya pamoja wa Kai Li, miaka ya 1980, ilihamisha ukurasa mzima hivyo hivyo. TreadMarks, mfumo kama huo wa Chuo Kikuu cha Rice, ikaja na akili nyingine: kila mashine iandike kwenye nakala yake, zikifika kwenye kufuli, pale zinaposubiriana zamu, zipeane tofauti tu. Wewe hesabu ndani ya mashine, jumla iandike mara moja mwishoni.

Kijana wa Ubungo: Nimekupata, ila swichi ya kasi si itasaidia pia? Halafu muuzaji nimeshampa laki tatu.

Mama Kimara: Ya ada hiyo.

Kijana wa Ubungo: Nitairudisha mama.

Mpita Njia: Hii chai. Mwezi jana huyu huyu alikuwa anauza vifaranga Chanika, leo ana klasta!

Kijana wa Ubungo: Mashine zimenunuliwa na hao hao vifaranga, kaka.

Fundi Nyaya: Chotara? Bado wapo?

Mzee wa Kerneli: Jamani, kuku wana jukwaa lao.

Kijana wa Ubungo: Nimebadilisha kodi ya programu. Kazi ile ile, dakika 2 kasoro. Muuzaji hapokei simu.

Fundi Nyaya: Na vifaranga je?