Naomba ushauri: naanza kujifunza ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab

Wakuu, nimepata ganuni iliyotumika, nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti. Kupiga kwenyewe, na zile pete za vidole vya shahada, naona nitazoea. Kinachonitoa jasho ni kutyuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi. Nikimaliza nyuzi za juu, za chini zimeshalegea! Nahisi ni unyevu wa hapa Unguja, maana daraja linalobeba nyuzi limekaa juu ya ngozi.

Je, nitumie mashine ya kutyuni au nizoeze sikio kwanza? Vile vibati vya kupandisha na kushusha sauti niviguse sasa, au nishike kwanza makamu moja (mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu), tuseme Rast? Nataka taarab asilia, siyo ya kinanda. Wazoefu, nielekezeni.