Mjadala: Je, utashi hufuata akili, au hujitawala wenyewe?

Mwenzetu mmoja ameandika kwamba, iwapo Mungu anajua tangu milele nitakalolitenda kesho, basi hiari yangu ni jina tupu. Naiheshimu hoja hiyo, lakini sidhani kwamba hapo ndipo penye ugumu mkubwa. Mwanafalsafa wa Kirumi Boethius, akiwa kifungoni akingoja kuuawa mnamo mwaka 524 hivi, alikwisha kuijibu: Mungu hangoji mambo yafike, bali huziona nyakati zote kwa mara moja, na kumwona mtu akitembea hakumlazimishi atembee.

Ugumu wenyewe uliibuka katika Chuo Kikuu cha Paris karne ya 13, pale wasomi walipoanza kuuliza ni kitu gani ndani ya nafsi kinachoamua. Mwanateolojia Thomas Aquinas alifundisha kwamba utashi, yaani uwezo wa nafsi wa kutaka na kuchagua, hautaki kitu ila kile ambacho akili imekionyesha kuwa chema kwa namna fulani. Hakuikana hiari, alisema wazi kwamba pasipo hiyo, mashauri, amri, makatazo, thawabu na adhabu vingekuwa bure. Kwake yeye, mtu yu huru kwa kuwa akili yaweza kulipima jambo kwa pande nyingi, na hakuna chema cha dunia hii kinachoutosheleza utashi hata kikaufunga. (Wasomaji wa pwani watakumbuka mvutano ulio jirani na huu, kati ya wanazuoni wa Kiislamu: Muutazila, kundi lililosema mja huyaumba matendo yake, na Ashari, aliyesema Mwenyezi Mungu huliumba tendo na mja hulichuma, yaani hulipata likawa lake. Huo unastahili mjadala wake peke yake.)

Tarehe 7 Machi 1277 Étienne Tempier, Askofu wa Paris, alizilaani kauli 219, zikiwemo zinazosema kwamba utashi hulazimika kuifuata hukumu ya akili. Lilikuwa katazo kali, lakini naamini lililinda jambo la kweli. Aliyelieleza vizuri zaidi jambo hilo ni mwanateolojia John Duns Scotus, aliyefariki mwaka 1308: wakati ule ule utashi unapolitaka jambo, unao uwezo wa kutolitaka. Tena ndani yake mna mielekeo miwili, ambayo Anselm, mwanateolojia aliyemtangulia, alikwisha kuitaja, mmoja ukivuta kwenye manufaa ya mtu na mwingine kwenye haki kwa ajili ya haki yenyewe.

Tumchukue mtu anayedaiwa. Fedha anazo, anajua kabisa kwamba kulipa ni haki, hakuna aliyemdanganya, na bado halipi. Ikiwa utashi huifuata akili daima, itatubidi tuseme kwamba kuna kitu hakukielewa barabara, na kosa lake litageuka kuwa ujinga.

Nakiri kwamba upande wangu nao una deni, kwa sababu utashi usiofungwa na sababu yoyote waweza kuonekana kama kura inayopigwa gizani. Hata hivyo, wanaomtetea Aquinas watasema kwamba mdaiwa yule aliigeuza akili yake mwenyewe, ikaitazama faida badala ya haki. Nawauliza: ni nini kilichoigeuza? Mkisema ni akili, tumerudi pale pale. Mkisema ni utashi, mmekwisha kumkubali Scotus.