Mizani ya baruti "usahihi ±0.1": huu ni utapeli ulioandikwa kwa herufi ndogo

Wakuu, nimefura. Pole zenu kaeni nazo, nipeni majibu.

Kwa mgeni wa haya mambo: niko Minnesota, wikendi napiga mashindano ya bastola, 9mm. Sheria ya shirikisho huku Marekani inakuruhusu kujijazia risasi nyumbani kwa matumizi yako bila leseni, ilimradi huziuzi. Mlioko Tanzania na Kenya someni tu mpite, huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Unaokota maganda yako uwanjani, unayasafisha, unaweka fataki mpya (kile kidude cha kwenye kitako kinachowasha baruti), baruti, kisha kichwa cha risasi. Hatua zote mkono unazizoea. Ya baruti ndiyo inayonitoa roho.

Nikanunua seti mpya, kipimio cha plastiki (chupa ya baruti yenye mpini, ukiuvuta inamwaga kiasi cha ganda moja) na mizani ya dijitali, siyo ya bei ya kutupa. Kwenye boksi maandishi makubwa: usahihi ±0.1 greni. Sasa tufanye hesabu ambayo muuzaji anaomba Mungu usiifanye. Greni 1 ni gramu 0.0648. Baruti ya kuungua haraka kwenye 9mm huwa ni greni 4 na kitu, yaani robo gramu na ushee. Mizani ikikuandikia 4.0, humo ndani panaweza kuwa na 3.9 au 4.1. Kutoka chini hadi juu ni 0.2, asilimia 5 ya chaji nzima (baruti ya risasi moja), na hapo kipimio chenyewe bado hakijaongeza makosa yake! Mwenye bunduki ya kuwindia inayokula greni 50 hiyo 0.2 haimnyimi usingizi. Lakini hawa wanauza kitu kilekile kwa watu wote na boksi lina picha ya bastola.

Halafu kuna jiwe la kusawazishia wanalokupa, gramu 50. Gramu 50 ni greni 771 na kitu! Mimi napima greni 4. Ni sawa na kukagua mizani ya sonara kwa gunia la mahindi. Ukilipandisha jiwe lao, mizani inasoma sawia kabisa, unapumua. Ukiweka kijiwe kidogo cha kupimia kilichokaribia uzito wa chaji yako, ndipo unaona asubuhi inasema hivi, baada ya saa moja inasema vile. Kijiwe ni kilekile, kimenunuliwa kwa pesa nyingine, maana kwenye seti hakimo.

Linaloniuma zaidi hata kwenye kitabu cha maelekezo hawajalitaja. Mizani nyingi za dijitali zina tabia ya kujirudisha sifuri zenyewe ili namba isitetereke kwenye kioo. Ukiongeza baruti taratibu, punje moja moja, inadhani ni mtetemo au upepo, inaimeza. Kioo hakisogei, wewe unaendelea kuongeza. Nyanyua kisahani ukirudishe, namba inaruka. Yaani mtu mwangalifu, anayedondosha kidogo kidogo kama alivyofundishwa, ndiye anayedanganywa kuliko yule anayemwaga fyaa.

Kipimio nacho ni kituko. Plastiki tupu, katikati ya majira ya baridi ya Minnesota, hita inawaka kutwa na hewa ni kavu kiasi kwamba ukishika kitasa cha mlango unapigwa shoti. Baruti inaganda kwenye kuta za chupa kwa umemetuli. Unavuta mpini, nusu ya chaji imeshuka, nyingine imening'inia, inakuja kushuka kwenye ganda linalofuata. Mnaona hatari ilipo? Ganda la kwanza pungufu, la pili limezidi. Baruti ya vipunje vya mviringo inateleza vizuri, lakini ile ya vipande bapa inajijengea daraja juu ya tundu na haishuki. Kizuizi cha ndani cha kupunguza uzito wa baruti ya juu isiishindilie ya chini? Kinauzwa peke yake, wakuu. Peke yake!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: vuta mpini kwa nguvu ileile kila mara, zima taa za mirija, weka simu mbali, zima kipoza hewa, acha mizani ipate joto nusu saa. Sawa, yote hayo ni ya kweli na yote nayafanya, ni mambo anayojua kila mtu wa kazi hii. Lakini hakuna hata moja linalogusa ±0.1 wala jiwe la gramu 50. Mteja ndiye mwenye mkono mbaya, basi, faili limefungwa.

Na msiniambie ni mambo madogo. Kwenye mashindano ya USPSA (chama cha mashindano ya bastola huku Marekani) unapimwa nguvu ya risasi zako: uzito wa kichwa kwa greni, mara mwendo wa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000, upate angalau 125. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,010 umepita. Kikienda 1,000 unapata 124, unapiga siku nzima bila alama. Ndiyo maana watu wanalenga 130 hivi, wajiachie nafasi ya ujinga wa mizani. Upande wa pili, 9mm ina ukomo wa shinikizo wa psi 35,000 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa kiwango cha SAAMI, taasisi ya viwango vya silaha na risasi Marekani, na ganda lake linaweza kubeba chaji mbili za baruti ya haraka bila kumwagika. Chaji ikikosekana kabisa, kichwa kinakwama kwenye mtutu, na kinachofuata kinaupasua au kuuvimbisha. Vidole ni vyangu, siyo vya huduma kwa wateja.

Kwa sasa nafanya hivi: namwaga chaji za mwanzo na kuzirudisha chupani hadi baruti itulie, napima chaji 10 kwa mpigo na kugawa, halafu napima moja moja ili wastani mzuri usinifichie yenye kasoro. Kila ganda namulika tochi kabla kichwa hakijakaa. Kazi ya saa moja inakula jioni nzima, kwa mtambo niliouziwa ili uniokolee muda.

Maswali mawili. Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kwa hoja ya hilo jiwe la kusawazishia, na aliwaambiaje? Pili, mwenye ile mizani ya zamani ya mhimili, ya chuma, ya kusogeza vizito kwa kidole na isiyotumia umeme, anicheki PM. Hata kama imechubuka rangi naichukua, ila visu vya egemeo (makali ambayo mhimili unabembea juu yake) viwe havijaliwa na kutu. Na bei ya kirafiki, wakuu, nimeshaibiwa mwezi huu.